Maji ya Kusuuzia Dumu

Mama Bhoke alinipigia simu Jumanne asubuhi, nikiwa nimelala chali chini ya greda la mteja hapa kwangu Nkende. Karakana yangu haina shimo, kwa hiyo natandika turubai na kujisukuma kwa visigino mpaka niingie chini ya mtambo. Niliweka simu kifuani, nikafungua spika. "Ghati mwanangu, Marwa ametutoka," alisema. "Marwa yupi?" nikauliza, ingawa nilijua, maana huku kwetu ukiita Marwa sokoni wanageuka watu ishirini. "Marwa wa kijiko. Wa kule kambini. Anazikwa Alhamisi, kwake Mbalibali." Nikampa pole, nikasema nitakuja, nikakata. Kisha nikakaza nati sita zilizobaki, moja baada ya nyingine, nikatoka, nikanawa mikono kwa sabuni ya unga, nikamwambia mteja greda lake liko tayari. Nilisubiri niumie. Sikuumia. Nilikuwa na ganzi ileile niliyoizoea, na niliona aibu, mtu mzima ninayeikaribia arobaini, kusimama uani najipima kama nimehuzunika au bado.

Wateja huniuliza kazi hii niliisomea wapi, mwanamke mwenye kompyuta mkono mmoja na grisi mkono wa pili. Huwa nawatajia chuo cha ufundi, nao wanaridhika. Ukweli ni kwamba niliijua kazi ndani ya mwaka mmoja, nikiwa na miaka ishirini na minne, kwenye kambi ya kampuni ya barabara iliyokuwa nje kidogo ya Mbalibali. Mambo ya ukoo wangu na nilivyofika huko nayaacha, hayasaidii kitu hapa. Mimi na Mama Bhoke, mpishi, ndio wanawake pekee tuliolala kambini. Tulipewa chumba cha mabati chenye vitanda viwili na dirisha la wavu, na kila mmoja alikuwa na msumari wake wa kutundikia nguo. Mama Bhoke alikuwa akisali kwa sauti alfajiri, akiwataja watu wote wa kambi kwa majina, mafundi kwanza, halafu maopareta, halafu vibarua, na mwisho injinia, kwa sababu alisema injinia ana watu wengi wa kumwombea. Bwalo la chakula lilikuwa nguzo na bati tu, limegusana na kontena la ofisi, kiasi kwamba ukila upande wa ndani unasikia kila kinachosemwa kwa wakubwa. Asubuhi tulikunywa chai kwa viazi vitamu. Mchana ulikuwa ugali wa mtama uliochanganywa na muhogo, mweusi na mzito, kwa dagaa au nyama, na kila Ijumaa wafugaji walileta maziwa mgando kwa ndoo.

Marwa alikuwa opareta wa kijiko, ule mtambo wa kuchimba mitaro na kupakia kifusi. Alikuwa amenizidi miaka kama kumi, ana mke na watoto, na nyumba yake ilionekana kutoka kambini, bati jipya kwenye kilima. Alikuwa na mkono mwepesi sana. Aliweza kuokota chupa ya soda kwa ndoo ya kijiko na kuiweka juu ya jiwe bila kuivunja, na alifanya hivyo kila alipoona mgeni. Mimi alinitania tangu siku ya kwanza. "Fundi wa kompyuta," angesema, "leo mashine imesemaje? Imenisalimia?" Nami ningemjibu kwamba imesema opareta wake ananuka ugoro. "Hiyo si mashine, huyo ni mke wangu," alisema siku moja, na Mzee Ochieng, fundi mkuu wetu kutoka Rorya, akacheka mpaka akakaa chini.

Mitambo mingine yote pale ilikuwa ya zamani. Kijiko cha Marwa ndicho kilikuwa kipya, cha aina inayosafisha moshi wake. Mbali na tangi la dizeli kilikuwa na tangi dogo la maji ya urea, ambayo kwa macho huwezi kuyatofautisha na ya kunywa, na hayo hupulizwa ndani ya bomba la moshi. Ndani ya tangi kuna kifaa kidogo, mafundi tunakiita sensa, kinachopima kama urea imekolea inavyotakiwa. Kikiona haijakolea, mtambo unawasha taa ya njano, halafu unajipunguzia nguvu kidogo kidogo, hadi unatambaa. Hauharibiki, unakataa tu kazi. Kujaza urea ilikuwa kazi yangu, kwa kuwa nilikuwa wa mwisho kuajiriwa. Maji yake yaliletwa kwenye madumu meupe ya lita ishirini, yamefungwa kwa lakiri. Nilikata lakiri, nikalimimina dumu lote, halafu nikatia lita moja na ushee ya maji ya kisima, nikalitikisa, na yale maji nayo nikayamimina kwenye tangi. Kisha nikarudia mara ya pili. Hivyo ndivyo tulivyofanya nyumbani na dumu la mafuta ya kula, na kibuyu cha maziwa, na chupa ya asali: unasuuza, na maji ya kusuuzia hayamwagwi, yanaingia sufuriani. Mama yangu angeniona namwaga kilichobaki angeniuliza kama nimeolewa na tajiri. Tena dumu lilitoka safi, na wanawake wa Mbalibali, ambao Marwa aliwapelekea madumu matupu kwa ruhusa ya ofisi, waliyapenda yakiwa safi. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo pale kambini, wala hakuna aliyenikataza. Nilifanya bila kuwaza, kama mtu anavyofuta miguu mlangoni.

Taa ya njano iliwaka mwezi wa tatu tangu nianze kazi. Kijiko kilikuwa kinachimba msingi wa kalavati kubwa, la mto ambao mvua zikianza haumngoji mtu. Mzee Ochieng alichomeka kompyuta, akanionyesha kosa lililoandikwa: ubora wa urea uko chini. Tulifuata nyaya kutoka kwenye tangi hadi kwenye ubongo wa mtambo, tukasafisha viungio, tukapima umeme, kila kitu kizima. Basi sensa imekufa, akasema. Tulikaa wiki mbili kuingoja nyingine kutoka Dar es Salaam, kijiko kikitambaa na Marwa akikisemesha kama anavyosemeshwa ng'ombe mgonjwa. Tukaifunga mpya, tukamwaga tangi, nikajaza upya. Siku tatu mtambo ulifanya kazi vizuri. Siku ya nne taa ikawaka. Tukaagiza ya pili, nayo ikafanya vilevile. Mzee Ochieng aliishika mkononi ile sensa, ikiwa na utando mweupe kama birika la zamani, akasema, "Sensa mbili haziwezi kudanganya uongo mmoja. Ghati, ugonjwa uko kwenye maji."

Injinia alikuja na kipimo kutoka Mwanza. Ni kibomba kifupi chenye kioo, unadondoshea tone, unakielekeza kwenye mwanga na kuchungulia mstari wa buluu umesimama kwenye namba gani. Alipima dumu lililofungwa, mstari ukakaa mahali pake. Akapima tangi, mstari ukashuka mbali. Alitupa tuchungulie wote, mmoja mmoja. "Humu kuna maji," alisema. "Ghati, wewe unajaza nini?" Nikasema urea, injinia, kutoka kwenye dumu lenye lakiri. "Hakuna kingine?" Nikasema hakuna. Wakati ule sikuwa nadanganya. Niliulizwa kitu kingine, na kichwani mwangu yale hayakuwa kitu kingine, yalikuwa urea iliyobaki dumuni. Injinia akafikiri. Kama inaingia nzuri na inakutwa mbaya, alisema, basi kuna mtu katikati, anaichota na kujazia maji. Mzee Ochieng akasema kwa shida kwamba watu wa huku wanaamini urea ya mtambo inafaa kwenye mahindi, na mahindi ya Marwa mwaka huu ni ya kijani kuliko ya jirani zake. Hakusema zaidi ya hapo, na siku zote nimemtetea moyoni, kwa sababu alisema alichokiona.

Ilikuwa Ijumaa. Nilikaa upande wa ndani wa bwalo na bakuli langu la ugali na kikombe cha maziwa, na Marwa alikuwa ameitwa ofisini. Tulisikia wote. "Marwa, unatoa urea unapeleka wapi?" "Sitoi." "Mahindi yako yana rangi gani?" "Ya mahindi, injinia." Mtu mmoja mezani akacheka. "Na yale madumu unayobeba?" "Matupu. Nilipewa ruhusa hapahapa, ukiwa umekaa kwenye hicho kiti." "Sasa maji yanaingiaje kwenye tangi?" Ikaja sauti ya Marwa, si kubwa: "Mimi nachimba mitaro. Mimi nimekula nini cha watu?" Nilikuwa nimemaliza maziwa. Nilichukua jagi, nikatia maji kidogo kikombeni, nikayazungusha ili yachukue maziwa yaliyoganda pembeni, nikainua ninywe kama ninavyofanya siku zote. Mkono ukasimama. Nikaona dumu. Nikaona asubuhi zote zile, lita moja, kisha lita ya pili. Kutoka benchi langu hadi mlango wa kontena zilikuwa hatua kumi na mbili, nilizihesabu baadaye mara nyingi. Mkataba wangu wa majaribio ulikuwa unaisha mwezi uliofuata, na tayari kulikuwa na wanaume wawili wa kambi waliosema mwanamke atawaharibia mitambo. Niliogopa, sina neno la heshima zaidi ya hilo. Nikayanywa yale maji, nikaweka kikombe chini. Mama Bhoke akauliza kama naongezewa ugali, nikasema niongezee.

Marwa alifukuzwa, akaondoka siku hiyohiyo. Alikuja na chupa yake ya chai na koti lake la mvua mkononi, akapita mezani akiwaaga watu, na walioagana naye vizuri walikuwa wachache. Alipofika kwangu hakutania. "Ghati," alisema, "wewe ndiye unayeijua kompyuta. Hii mashine haiwezi kukosea? Angalia vizuri, mdogo wangu, halafu uwaambie." Nikasema nitaangalia, kaka. Akanishika bega, akaenda kwa miguu, kwa kuwa kwake palikuwa karibu, na tulimwona akipanda kilima mpaka alipoingia chini ya bati lake. Jumatatu nilimwaga tangi, nikajaza urea tupu, na madumu nikayasuuzia pembeni, chini ya mti wa mchongoma. Taa haikuwaka tena. Wiki ikapita, ikapita ya pili, kalavati likaisha kabla ya mvua. Injinia akaniambia niandike taarifa, iwe mazoezi. Niliandika: "Tangu opareta abadilishwe, tatizo halijarudi." Hakuna neno la uongo katika sentensi hiyo. Nilithibitishwa kazini, nikapelekwa mafunzo, na nikarudi nikiwa mtu anayeitwa na makampuni matatu kila taa ya urea inapowaka. Nikifika huwa napima maji kwanza, kabla ya kugusa sensa. Watu wanaona ni ujuzi.

Habari za Marwa, Mama Bhoke ndiye aliyezileta chumbani, akikunja nguo. Walikuwa wamempa jina: Urea. Kwanza vijana wa kijiweni, halafu wanawake kisimani, walewale waliochota maji kwa madumu yake. Mtoto wake akipita kwenda shule waliita, mtoto wa Urea. Alikwenda kuomba kazi kampuni nyingine, ikapigwa simu moja kambini kwetu, akarudi bila kazi. Nilizisikia habari hizo nikiwa nimelala, nikitazama bati, na nilichokisikia ni joto la bati tu. Nadhani hapo ndipo ganzi ilipoanza, na sikuipinga, ilinifaa. Mwisho wa mwaka uleule nilikutana naye Tarime, karibu na stendi, akiwa amebeba mfuko wa chumvi ya ng'ombe. Alikonda kidogo. Nilimwamkia, akaitikia vizuri, akaniuliza habari za Mzee Ochieng, kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayeulizia kitu kidogo, "Uliangalia?" Mpaka hapo nilikuwa nimenyamaza tu. Pale ndipo nilipofungua mdomo. "Niliangalia, kaka," nikasema. "Sikukuta kitu." Akatikisa kichwa kukubali. "Basi sawa. Nilijua ungeangalia." Akanunua soda mbili, tukanywa tumesimama, akarudisha chupa zote mbili yeye mwenyewe.

Alhamisi niliendesha pikapu yangu hadi Mbalibali. Barabara ile bado nzuri, na nilipita juu ya kalavati bila kupunguza mwendo. Bati la kwenye kilima lilikuwa limepata kutu. Watu walikuwa wengi, Mama Bhoke akiwa jikoni kwenye masufuria makubwa, akaniona na kuniita kwa mwiko. Nilikaa na wanawake kwenye mkeka. Kijana wa ukoo alisoma wasifu wa marehemu: alizaliwa, alisoma, alioa, alijaliwa watoto wanne. Kuhusu kazi alisoma maneno matatu, "alifanya shughuli mbalimbali," akageuza karatasi. Miaka yote ile aliyokaa kwenye kijiko, na chupa ya soda juu ya jiwe, hawakuiandika, kwa sababu kuandika kampuni ni kukumbusha ilivyoisha. Nyuma yangu mwanamke mmoja alimwambia mwenzake, wala si kwa ubaya, "Urea alikuwa mtu wa watu, lakini." Akaishia hapo kwenye lakini, na mwenzake akaitikia. Tukazika.

Baada ya chakula niliomba kumwona mke wake. Nyangi alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, anakunja vitenge walivyoleta wageni. Nilimpa pole. Alinitazama akanikumbuka. "Wewe ndiye yule fundi," alisema. "Alikuwa anakusema. Alisema fundi wa kompyuta aliangalia, akakosa." Nikasema, "Sikukosa, Mama Chacha." Nikamwambia yote, nimesimama, kwa Kiswahili cha karakana, sensa na asilimia na kipimo cha kuchungulia, nikisikia sauti yangu ikienda sawasawa kama nasoma taarifa. Alininyamazisha kwa kiganja. "Ngoja. Maji uliweka wewe?" "Mimi." "Ulijua lini?" "Siku ileile aliyofukuzwa." Akakunja kitenge alichoshika, akakiweka juu ya vingine, akakinyoosha pembe. "Mimi nilikuwa namwambia akaombe msamaha, yaishe," alisema. "Kila tulipokosana nilimwambia. Mwaka jana, wakati wa kuvuna, nilimwambia mbele ya watoto." Hakulia. Nilitamani alie, au anipige, nipate kujua nimefika wapi. Aliinuka, akanishika kifundo cha mkono, si kwa nguvu wala kwa upole, akanitoa nje.

Wazazi wa Marwa walikuwa wamekaa upande wa kaburi, kwenye viti vya plastiki, baba mwenye fimbo na mama mwenye shuka mabegani. Wazee wa ukoo walikuwa karibu nao, na vijana waliokuwa wakifungasha turubai. "Kiswahili hawakijui vizuri," Nyangi alisema. "Waambie kwa Kikurya." Niliwaamkia. Nikafungua mdomo, na sikuwa na kitu cha kujificha nyuma yake. Kikurya changu hakina sensa, hakina asilimia. Yalibaki maneno machache, na yote nilikuwa nayajua tangu utoto: mwanenu hakuiba, maji niliyatia mimi, nilijua, nikanyamaza, aliniuliza, nikamdanganya. Nilipofika kwenye hilo la mwisho baada ya miaka yote ile niliumia, vibaya, mbele za watu, mahali ambapo hapakuwa na haki yangu ya kuumia. Vijana waliacha turubai. Mama yake alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa. Kisha akasogeza kiti chake kidogo kunipisha.

"Baba yake hasikii sikio la huku," alisema. "Zunguka upande ule, useme tena kwa sauti."

Nikazunguka, nikasema tena kwa sauti.